Kipimo cha Amedeus

Mume wangu Amedeus ni mtu wa kupanda mapaa. Tangu kampuni binafsi za mtandao ziruhusiwe, kazi yake ni kufunga antena hapa Songea. Kazi yangu ni kumshikia ngazi na kununa.

Mwaka ule tuliwania kupeleka intaneti kwenye chuo kimoja cha ufundi nje ya mji. Tukikosa, ofisi yetu ya Bombambili inafungwa, basi. Mawimbi yalitoka ofisini, yakapitia paa la mama mkubwa wa Amedeus, Mama Walburga, kule Ruhuwiko, ndipo yakafika chuoni. Mkuu wa chuo, Bwana Polikarp, alisema hataki maneno matamu, anataka vipimo vya wiki nzima.

"Sitakaa nikibonyeza kitufe kutwa," alisema Amedeus. Akatengeneza programu ya kupima kasi yenyewe, asubuhi, mchana na jioni, na kumtumia Polikarp majibu moja kwa moja. Alivyojisifu, we acha tu!

Kila kipimo kikaanza vizuri, kikakatika katikati. Baadaye mtandao unarudi, safi kabisa! Amedeus akabadilisha nyaya. Akabadilisha antena. Akailaani mvua, akawalaani watu wa umeme, kisha akanigeukia mimi.

"Programu yako mbovu, kubali!" nikamwambia. Tukabishana mpaka ugali ukapoa. Na kila akikimbilia Ruhuwiko kwa baiskeli, anakuta kila kitu kinawaka. Inaudhi jamani!

Siku ya mwisho nikaenda mwenyewe mapema, nikakaa sebuleni kwa Mama Walburga. Alikuwa anachambua maharage. Saa ya kipimo ilipofika, taa za kisanduku chetu cha mtandao pale ukutani zikaanza kumetameta kwa fujo, maana kipimo hukibebesha mzigo wote kwa mpigo. Mama akaweka ungo chini, akainuka, akachomoa plagi.

"Mama! Unafanya nini?"

"Kinahema, mwanangu, huoni? Kikihangaika hivi nakipumzisha kidogo, kisije kikatuunguzia nyumba. Kikipoa nakiwasha." Akatabasamu. "Mwambie Amedeus asiwe na wasiwasi, nakitunza."

Nilitaka kupiga kelele. Wiki nzima! Lakini paa ni lake, katupa bure, na mama mkwe hafokewi. Nikameza hasira, nikachomeka plagi.

Nilikwenda kwa Polikarp, nikamweleza yote. "Pole, mama," akasema. "Mimi niliomba vipimo, na vipimo nimeviona." Chuo kikawapa wengine kazi. Jioni nikamsimulia Amedeus habari ya plagi.

Jumamosi tulikuwa tunang'oa kibao cha ofisi, Amedeus juu, mimi chini nimeshika ngazi, Mama Walburga akatokea na mfuko wa maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mnakipaka rangi kibao? Kazi ya chuo imepatikana, eeh?"

Nikamtazama Amedeus. Mtu aliyekwisha kuilaani hata mvua! Akashusha bisibisi.

"Ndiyo, mama," akasema. "Tunakipaka rangi."

"Nilijua tu! Na mimi kile kisanduku nilikitunza vizuri."

"Ulikitunza, mama. Asante sana."

Akatukabidhi yale maharage, akaenda zake sokoni akiimba. Amedeus akaendelea kufungua skrubu.