Mbegu Nilizopewa Nipande

Nimeogopa mambo mengi katika umri wangu, mengine kwa upumbavu tu, lakini sijapata kuogopa kama alasiri ile ya mwezi wa Ramadhani mdogo wangu alipoingia jikoni, akanyanyua chupa ya kioo iliyokuwa juu ya meza na kuniuliza mbegu zile ni za nini. Nilikuwa nasugua trei, wala sikugeuka. Nikamwambia ni mbegu za afyuni.

Nikasikia komeo la mlango likifungwa.

Mdogo wangu alifanya kazi ya kukagua mizigo bandarini mpaka alipostaafu, na si mtu wa kupaza sauti. Aliirudisha chupa mezani taratibu mno, akaniuliza nimezitoa wapi. Hapo ndipo nilipoanza kuiona chupa ile kwa macho yake.

Nilizitoa Amerika. Kwa miaka kumi na miwili niliishi katika mji mmoja wa kule bara, mbali na bahari, kwenye mtaa wa watu ambao mababu zao walitoka Ucheki, kule Ulaya. Nilikuwa namtunza mama mjane aliyevuka miaka themanini, nikilala chumba cha juu nyumbani kwake. Mtaa ulikuwa na ukumbi wake wa matofali mekundu, wazee wakicheza humo muziki wa matarumbeta mpaka mashati yanawaganda mgongoni, na chini ya ukumbi kulikuwa na jiko. Kila Jumamosi wanawake walikusanyika jikoni humo kuoka kolachi, mikate midogo ya mviringo inayobonyezwa katikati ikajazwa mbegu za afyuni zilizosagwa na kupikwa kwa maziwa na sukari. Kwao ni kitu cha jikoni kama iliki kwetu, kinauzwa dukani karibu na chumvi. Mmea wake hutoa dawa ya kulevya, lakini mbegu zenyewe hazilevyi. Nimezila miaka yote hiyo na sikupata hata kusinzia.

Wanawake wale walinipokea na mtandio wangu. Mafuta ya nguruwe waliyozoea tangu enzi za bibi zao waliyaacha, wakaoka kwa siagi kwa ajili yangu mimi mmoja, na hakuna aliyenisimanga. Nikitaka kushukuru, yule mama ananikatiza kwa kunipa trei nyingine nioshe.

Mbegu zake yeye hazikuwa za dukani. Bibi yake alivuka nazo bahari zimeshonwa ndani ya pindo la gauni, na tangu hapo kila mwaka baridi ikiisha zilipandwa nyuma ya jiko la nyumba yao, zikachanua, zikavunwa, nyingine zikawekwa za mwaka unaofuata. Watoto wake walikuwa wamehamia miji mingine na hawakutaka habari za udongo. Nilipomuaga kurudi nyumbani, alinikabidhi chupa nzima.

"Panda kwenu," aliniambia. "Hapa mimi nikifa watamwaga saruji."

Nikamwahidi. Sikufikiri hata kidogo. Nilikuwa nimekaa na watu wale muda mrefu hata nikasahau kwamba kwetu jina la mmea ule halitajwi ila mtu akikamatwa.

"Dada," mdogo wangu aliniuliza, "ulishuka Uarabuni na chupa hii?"

Nilishuka. Nilikaa saa sita pale uwanja wa ndege nikingoja ndege ya pili, nikaswali, nikanunua tende, na chupa ikiwa mkobani imeviringishwa kanga. Akanieleza kwamba aliwahi kusikia mtu kafungwa kule kwa punje chache zilizomdondokea nguoni kutoka kwenye mkate. Nikakaa juu ya ndoo. Safari ilikuwa imekwisha wiki mbili nyuma, nami ndiyo kwanza naiogopa.

Nikamuuliza hapa kwetu inakuwaje.

"Sheria yake siijui kwa kila herufi, na sitaki kwenda kufundishwa kituoni. Wataniuliza mbegu hizi zilikuwa zipandwe wapi. Nyumba hii ina jina langu, dada. Ushampa mtu yeyote?"

Mchana ule nilikuwa nimeoka kolachi arubaini, na kama ilivyo desturi ya mwezi ule nikapeleka sahani kwa majirani kabla ya kufuturu. Sahani tatu. Ya tatu ilikwenda kwa sheha, ambaye ndiye serikali ya mtaa wetu: ugomvi unaanzia kwake, barua zinapitia kwake, na askari wakija Mji Mkongwe kumtafuta mtu, mlango wa kwanza kubishwa ni wake.

Nilijitupia buibui nikatoka kuiwahi kwanza ile ya sheha. Njiani nikatunga uongo, kwamba nimekosea nikatia chumvi badala ya sukari, naomba sahani yangu nilete nyingine. Kwenye kona askari wawili walikuwa wamesimama wakizungumza mpira. Nikageuza njia, nikazunguka vichochoro viwili nisivyokuwa na haja navyo, jasho likinichuruzika ndani ya nguo.

Sheha alikuwa ameketi mkekani, futari imeandaliwa mbele yake, na sahani yangu ameifunua anaitazama.

"Shikamoo, sheha."

"Marahaba. Mikate yako hii imenipendeza machoni. Hii nyeusi ya katikati nini?"

Uongo wa chumvi na sukari ukanipotea. Mdomo ukajisemea wenyewe.

"Habasoda."

"Aa, sunna hiyo," akasema kwa furaha, akaifunika sahani isiingie nzi.

Nilirudi mikono mitupu. Nimefunga, na nimemdanganya mtu aliyefunga, juu ya kitu atakachokitia kinywani akitaja jina la Mungu. Sikujua nimwogope nani zaidi, sheha au Aliyekuwa akinisikia. Hata adhana ilipoanza, niliishika tende bila kuitia kinywani.

Mdogo wangu hakuniamrisha. Alisema tu kwamba mbegu zikimwagwa zitaota, na zikiota uani kwetu hakuna atakayesikiliza habari za bibi na gauni. Basi nikatia maji sufuriani, nikawasha gesi, nikazimimina zote na kuzichemsha mpaka maji yakawa meusi. Harufu ilikuwa ileile ya jiko la chini ya ukumbi. Nikalia, mdogo wangu akatazama pembeni. Kisha tukazimwaga chooni na kuvuta maji mara nne.

Kwa siku nyingi kila mlango ulipobishwa, nilichungulia dirishani kabla ya kufungua. Siku ya pili alikuwa ni mke wa sheha tu, karudisha sahani na kaimati ndani yake, akaniomba nimfundishe ile mikate ya habasoda. Nikamwambia unga maalumu umekwisha. Uongo wa pili ulinitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza, na hilo nalo likanitisha.

Baada ya Idi yule mama alinipigia simu ya picha. Alikuwa amekonda, amehamia kwa mwanawe. Alinieleza kwamba nyumba imeuzwa na mwenye nyumba mpya ameshamwaga saruji nyuma ya jiko, apate pa kuegesha gari. Alisema bila kulalamika. Mbegu zake za akiba walizitupa siku ya kuhama, pamoja na makopo ya zamani, na hakukasirika.

"Sikukasirika kwa sababu wewe unazo," akasema. "Zimeota?"

Mbele yangu kulikuwa na uso wa mtu aliyeacha mafuta ya bibi yake kwa ajili yangu.

"Zimeota," nikamjibu.

Akafumba macho, akacheka kidogo, akataka nimwoneshe. Nikasema kwetu jua limekwisha kuchwa, nitamwonesha siku nyingine.

Askari siwaogopi tena. Simu yake ikiita siku hizi, naiweka kifudifudi juu ya meza na kusubiri ikatike.