Nafasi Nne Zilizobaki Wazi

Mimi ni fundi cherehani hapa Bertrams, mtaa wa wahamiaji huku kusini mwa Afrika, na kazi niliyoifanya kwa ustadi kuliko zote haikuwa ya mteja. Binti yangu alizaliwa na nyonga iliyoteguka. Madaktari walipoigundua alikuwa ameshaanza kutembea, na mguu wake wa kushoto ukabaki mfupi. Tangu hapo nilimshonea sketi na magauni marefu, upande wa kushoto nikiukata juu zaidi kwa vidole viwili, ili akisimama upindo ulale sawa. Kiatu cha kushoto nilikipeleka kwa fundi wa Hillbrow akakiongezea soli kwa ndani. Akisimama, humjui. Akitembea ndipo unamjua, basi nikamzoesha kutembea polepole.

Nilijiambia kwamba namsitiri. Mtaani kwetu Tanga nilipokulia kulikuwa na dada mmoja mwenye mkono uliopooza, na wageni wakibisha hodi aliingizwa chumba cha ndani mpaka waondoke. Hakuna aliyeuita mtindo ule ukatili. Waliuita stara, na mimi nililipokea neno hilo nikaja nalo huku bila kulichunguza.

Huku ugenini tuliongeza la kwetu. Mtu aliyewahi kupanga foleni ya karatasi za ukaazi, kuanzia alfajiri mpaka dirisha linafungwa, anajua kwamba kwenye fomu hujitii doa. Unaumwa? Hapana. Umewahi kufukuzwa nchi yoyote? Hapana. Una tatizo lolote? Hapana. Ofisi mnaipa mtu mzima kama yai, yaliyobaki mnayamaliza wenyewe nyumbani. Watanzania, Wakongomani, Warundi, tunabishana juu ya kila kitu kuanzia mpira hadi namna ya kupika maharage, lakini juu ya hili sijawahi kusikia ubishi.

Binti yangu alipokaribia kumaliza shule, akiwa na miaka kumi na saba, alitaka kusomea ufamasia. Alama zake zilikuwa nzuri, za kutosha mama yake kuringa nazo dukani, na nikaringa kweli. Tukaenda Hillbrow kwenye duka la intaneti kujaza maombi ya chuo kikuu. Alitusindikiza msusi mmoja Mkongomani ambaye tunapangisha naye chumba kimoja cha biashara, yeye na viti vyake vya saluni, mimi na cherehani yangu.

Fomu ilikwenda vizuri mpaka ikafika swali la ulemavu. Mtoto akabofya Ndiyo bila hata kuinua kichwa. Mimi Kiingereza changu ni cha sokoni, lakini neno hilo nalifahamu.

"Hapo umejibu nini?" nikamuuliza.

"Mama, wametenga nafasi kwa watu kama mimi," alisema. Yeye huongea nami kwa Kiingereza, mimi namjibu kwa Kiswahili, ndivyo tulivyozoeana.

"Kama wewe vipi? Wewe una kasoro gani?"

Msusi naye akaniunga mkono, akamwambia mtoto kwa upole wake, akimwita dada kwa lugha ya kwao: "Yaya, ku fomu usiweke ile maneno ya muguu. Banatafuta batu bazima. Batakutupa kando."

"Futa," nikasema.

Mtoto alinitazama. Hakununa, hakubishana. Kisha akafuta, akabofya Hapana, na fomu ikaenda zake. Tulipotoka nikamnunulia soda. Nilikuwa na furaha siku ile, Mungu anisamehe.

Jibu lilikuja: alama zake zimeonekana, lakini orodha ya kawaida imejaa. Tulilia kidogo, tukajikaza kisabuni. Baada ya wiki mbili tatu akasikia, kutoka kwa mwenzake aliyepokelewa, kwamba zile nafasi zilizotengwa kwa wenye ulemavu kwenye ufamasia zilikuwa sita, wamepatikana wanafunzi wawili tu, na nne zilizobaki wazi zinataka kupewa watu wa orodha ya kawaida. Yeye kwenye orodha hiyo alikuwa mbali sana, zisingemfikia. Akaandika barua mwenyewe, akaambatanisha cheti cha daktari wa mifupa. Chuo kikamjibu kwa mistari mitatu: uliulizwa, ukasema huna ulemavu, na muda wa maombi umepita.

Mjini kuna ofisi ya mawakili wanaosaidia watu bila malipo. Tulimpata wakili mmoja, mwanamke kijana, mwenye haraka ya maneno na nywele fupi. Aliposoma utaratibu wa chuo akagonga meza kwa furaha. Utaratibu wao wenyewe, alisema, unataka nafasi zikibaki wazi watafutwe kwanza wenye ulemavu miongoni mwa walioomba, kabla hazijapewa watu wengine. Huyu hapa aliomba, ana cheti, na nafasi bado ni nne.

"Lakini watatushika hapa," akasema, akiweka kidole kwenye lile jibu la Hapana. "Nani alijaza?"

"Mimi," alisema binti yangu.

"Kwa nini uliandika hapana?"

"Niliona aibu."

Nilikuwa nimekaa pembeni yake, magoti yetu yanagusana. Mimi ndiye mwanamke anayegombana na dereva wa teksi kwa sababu amepita taa nyekundu, robot wanavyoiita huku. Mimi mteja akisema gauni limembana namwambia ni yeye aliyenenepa. Mdomo wangu haujawahi kuwa na breki. Siku ile nilitazama kapeti ya wakili. Nilijitia kuwa Kiingereza kimenipita.

Wakili akaandika hati ya kiapo. Huku hati ya kiapo huapiwa kituo cha polisi, kwenye kaunta ileile wanayoripotia walioporwa simu. Tulikwenda asubuhi. Askari akaisoma juu juu, akamuuliza mtoto kama ameielewa, kama yaliyomo ni ya kweli, kama anakubali kubanwa nayo. Akajibu ndiyo mara tatu. Mle ndani ilikuwa imeandikwa kwamba aliamua mwenyewe, kwa hiari yake, kwa aibu ya ujana. Alitia sahihi, askari akapiga mhuri. Nilikuwa nimemshikia mkoba. Nilikuwa na muda wa kutosha kusema, foleni nyuma yetu haikuwa na mtu. Nikaogopa. Nilimwogopa askari, nilimwogopa wakili na zile nywele zake, na zaidi ya wote nilijiogopa mwenyewe, jinsi nitakavyosikika nikilitamka.

Mahakamani tulikaa nyuma kabisa. Wakili wa chuo alikuwa mzee mwenye sauti ya kubembeleza, hakumtukana mtu. Alisema tu kwamba chuo hakiwezi kumpa mtu nafasi aliyoikana mwenyewe. Wakili wetu alipambana, siwezi kumlaumu. Jaji akachukua siku zake, kisha akatuita kutusomea hukumu. Alisema anasikitika kwamba nafasi nne zimebaki wazi wakati wenye kuzihitaji wapo, na kwamba chuo kingeweza kufanya zaidi. Lakini mwombaji, alisema, alijua nafasi hizo zipo, aliulizwa waziwazi, akachagua kujibu isivyo kweli bila kushinikizwa na mtu yeyote. Maombi yakatupwa. Nafasi zikaenda kwa watoto wa watu, na mimi siwalaani, wao wana kosa gani?

Leo binti yangu anauza vifuniko vya simu Hillbrow. Ukimtajia kuomba tena anauliza kuna chumvi ya kutosha nyumbani, au kitu kama hicho.

Ile siku ya hukumu, kwenye korido, nilimshika wakili wetu mkono wa koti. Nilimwambia kwa Kiingereza changu kibovu kwamba mtoto alikuwa amejibu ndiyo na mimi ndiye niliyemwamuru afute. Akanigeukia. Kisha akasema taratibu, ili nimwelewe, kwamba mtoto wa miaka kumi na saba aliyeamriwa na mzazi wake ni kesi nyingine kabisa, kesi ambayo angeipenda. Nikamwomba turudi, tumwambie jaji. "Ameshaapa, Mama," alisema. "Akiapa kinyume chake sasa, hataaminiwa tena popote." Akanipapasa bega, akaondoka na mafaili yake.

Binti yangu alikuwa amesimama hatua chache, amesikia yote. Tulitoka pamoja kwenye jua. Tulipita maduka mawili matatu.

"Hukujua kwamba kunitaja kungekusaidia," nilisema. "Ungejua, ungesema."

"Nilijua. Wakili aliniuliza, siku ile ofisini kwake ulipoenda msalani. Aliniuliza mara mbili kama kuna mtu aliyenilazimisha. Akaniambia ikiwa yupo, tutashinda."

"Basi kwa nini, mwanangu?"

Alijibu kwa Kiswahili, kile chake cha kuungaunga, nadhani ili nisije nikasingizia kwamba sikuelewa.

"Hukumu inasomwa na watu wote, Mama. Sikutaka wasome kwamba mama yangu ananionea haya."

Nilitaka kumwambia si kweli. Neno lenyewe ni jepesi, na mimi ni mwepesi wa maneno. Tulifika kituo cha teksi, tukapanda, tukashuka, tukapanda ngazi za nyumba yetu mpaka juu, yeye ameshika chuma cha pembeni, mimi nyuma yake. Sikuwa nimelisema.