Magunia Matatu Niliyompakiza Mjukuu Wangu

Kosa ni langu, msinitafutie sababu. Jina sitoi, maana hapa Madibira wananiheshimu kanisani.

Mjukuu wangu alikuja na gari yake ya kifahari, zile za chini chini zenye mbio. Akanizungusha nayo. Akasema ina kompyuta: ikianza kuteleza kwenye kona, inashika breki tairi moja moja yenyewe mpaka inakaa sawa. Akanitania kama wajukuu wanavyotania bibi zao: "Mchumba, hii inakulinda kuliko mimi." Nikacheka.

Tulikuwa tunakwenda Nyololo kwa binti yangu, mama yake, kwenye kipaimara cha mdogo wake. Mimi siendi kwenye shughuli mikono mitupu. Nikatoa magunia matatu ya mchele, mawili kwenye buti, moja kiti cha nyuma.

Akakataa. Akasema gari hii si ya mizigo, nyuma imelala, mbele imenyanyuka.

Nikamwambia, "Si umesema inajishika yenyewe? Au ulikuwa unanidanganya mimi mke wako?"

Akawasha gari.

Tulipopita Mafinga mvua ikaanza. Hakukimbia, nasema kweli mbele za Mungu. Kwenye kona akakata usukani, gari ikaendelea moja kwa moja. Taa ya njano mbele ya usukani inawaka inazima, inawaka inazima, halafu nyuma ikazunguka, tukaingia mtaroni. Gunia la kiti cha nyuma likamjia mgongoni.

Mimi nilichubuka mkono tu. Yeye daktari alisema hatatembea tena.

Fundi aliyekuja kuivuta hakunificha. Alisema kompyuta inategemea tairi zinazoshika lami, na mzigo ule ulizipunguzia uzito za mbele. Sasa ishike nini?

Ndugu walipouliza, nikasema kijana alikuwa anakimbia. Nilisema kando ya kitanda chake, anasikia! Aliniangalia tu. Hakunikatalia.

Mpaka leo mama yake, anayemuuguza hapa kwangu, anamgombeza kwa huo mwendo. Mimi nipo pale pale namenya viazi. Mara mbili nimefungua mdomo niseme, nikaufunga. Jamani, roho yangu hii!

Wazee wenzangu, kijana akikwambia mzigo umezidi, shusha gunia. Usimbane kwa sifa alizoipa gari yake. Na ukikosa, sema siku ile ile, maana ukichelewa mdomo unazidi kuwa mzito.

Juzi alikuwa na kiu. Nilimwona anakitazama kikombe. Alisubiri mpaka nimetoka, ndipo akamwita mama yake.