Miaka Niliyomvika Bi Caridad

Siku ya kwanza nilipoingia chumba cha mavazi cha jumba la maigizo hapa Birmingham, Mkuu wa Mavazi alinitupia sketi iliyochanika akasema, "Nionyeshe." Hakuuliza cheti. Angeuliza, ningechukua basi nikarudi zangu, kwa sababu cheti sina hadi leo. Shule niliiacha darasa la nne, Morogoro, nikaenda kukanyaga cherehani kwenye baraza la mjomba wangu. Hapa Uingereza nilikuwa nimeshona mapazia kwa miaka katika kiwanda kimoja cha Bordesley Green, na mapazia, niwaambie vijana, yanamchosha fundi anayejua mwili wa mtu. Basi nikaishona ile sketi. Yule mama akaigeuza ndani nje, akatafuta mahali nilipoanzia uzi, akakosa.

"Unaanza leo," akasema. "Na humu ndani usijisifu."

La kwanza nililitii. La pili lilinishinda.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Nguo ya jukwaani si nguo ya harusi. Lazima ivuliwe gizani, nyuma ya pazia, mwenye nguo akiwa anahema, na nyingine ivaliwe kabla wimbo haujaisha. Kwa hiyo vifungo unavyoviona kifuani ni pambo tu. Chini yake kuna kulabu mbili za chuma na mvishaji anayejua zilipo bila kutazama. Mishono tunaiacha mipana kwa ndani, maana gauni la mwembamba wa mwaka huu litavaliwa na mnene wa mwakani. Kitambaa cheupe tunakichovya kwenye chai ya rangi, la sivyo taa zinakifanya kiwake na uso wa mwigizaji hauonekani. Na kabla ya cherehani unapiga bandi, yaani mshono mrefu wa mkono wa kushikiza tu, unamvalisha mtu, unamtembeza, unamkalisha. Vijana wa siku hizi hawapigi bandi. Ndiyo maana suruali zao zinawapasukia wakiinama.

Bi Caridad alikuja kwangu mwaka wangu wa pili. Meneja wa Jukwaa, bwana mrefu mwenye filimbi shingoni ambayo hakuwahi kuipuliza, alinivuta pembeni. "Huyu mama ni Mkuba. Kwao Havana alikuwa mtu mkubwa, jukwaani na kwenye filamu. Hapa ameolewa na Mwingereza wa Great Barr. Amewakimbiza wavishaji watatu."

"Hajakutana na mimi," nikamjibu.

Nikaingia na futi yangu shingoni. Alikuwa amekaa mbele ya kioo, mama wa makamo, mweusi kama shangazi yangu, mgongo umenyooka kama amefungiwa ubao. Nikampima kiuno. Akaniangalia kwenye kioo.

"Unabana pumzi yangu."

"Wewe ndiye uliyebana tumbo, Bi. Liachie, nipime mtu wa kweli."

Nilidhani atanifukuza. Akacheka mpaka akashika meza. Tangu siku hiyo mimi kwake nikawa Fundi, neno la Kiswahili alilolishika haraka kuliko watoto wangu, na hakuna mtu mwingine aliyefunga kulabu zake.

Alinisimulia mambo yake nikiwa nimepiga magoti kwenye pindo. Kwao alianza msichana mdogo, akacheza malkia, akacheza wajane, filamu zake watu walipanga foleni kuzitazama. Akampenda mhandisi aliyekuja kazini kule, akamfuata. Hapa akapewa mpishi. Baadaye akapewa mfagiaji, halafu yaya, halafu mpishi tena. Nimemshonea aproni nyingi kiasi kwamba ningeweza kufungua duka la aproni peke yake. Jioni moja baada ya onyesho nilimwambia Mwongozaji, yaani bwana anayewapanga waigizaji, kwamba pale ana malkia anayemmenyesha viazi.

"Lafudhi yake," akasema, kwa upole kabisa. "Watazamaji watajiuliza ametoka wapi."

"Na mpishi hawamuulizi?"

Akanitazama. "Wewe kashone," akasema.

Alichokitaka Bi Caridad kilikuwa kimoja, na alikisema bila aibu: kabla hajazeeka, acheze mara moja tu katika nchi hii mtu anayesema maneno yake mpaka mwisho, na watu wakae kimya wamsikilize.

Ikaja filamu. Si ya wakubwa wa Marekani, ilikuwa ya hapahapa, na wakapangisha nyumba ya mtaani kule Bordesley Green ndiyo iwe nyumba ya hadithi. Wakampa mama ambaye mwanawe ameuawa, anayekataa maziko yafanyike mpaka muuaji aje amtazame maiti. Maneno yake yote yalikuwa jikoni, mbele ya sinki, marefu, bila kukatizwa. Akaweka sharti kwamba atavishwa na mimi. Nikamshonea gauni la bluu iliyokolea, na mikononi nikadarizi kwa uzi wa rangi ileile, kitu ambacho huwezi kukiona mpaka mkono usogee kwenye mwanga. Hata leo sijaona mkono wa gauni uliotulia vile. Kwenye filamu nguo hushonwa mbili zinazofanana, moja ikichafuka nyingine ipo. Ile ya pili haikuhitajika. Alisema mara moja tu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na pini mdomoni, nikasahau kuzitoa. Bwana wa sauti alivua vile vya masikioni akafuta macho. Mwongozaji wa filamu, kijana mwenye kofia ya sufu, akasema taratibu, "Hii ndiyo filamu yenyewe."

Sasa nani angenyamaza? Mimi nilitangaza. Kanisani kwa Wakenya, msikitini kwetu Lozells, kwa Wakongo wanaosuka nywele, kote nilisema: njooni mwone kazi ya Bi Caridad, na mkono niliomshonea. Mwaka mzima nilisema. Filamu ilipofika sinema ya mjini tulikwenda Jumamosi mchana, tukajaza safu nzima mbili. Mke wangu Mwanaidi alivaa gauni la Idi. Njeri, nesi Mkenya anayesali kanisani na sisi msikitini lakini tunakula naye sahani moja, alikuja na boksi la tishu. "Mimi nikilia huwa nalia serious," akatuonya. Bi Caridad akakaa katikati yetu, hereni za dhahabu, mumewe mkono wa kulia, mimi kushoto.

Ikaanza. Muuaji akaonekana, polisi wakaonekana, mvua ya Birmingham ikaonekana vizuri sana. Nikasubiri jikoni. Mara mezani ukaja mkono, bluu, darizi ikashika mwanga, ukaweka sahani, ukaondoka.

"Haiya! Fundi!" Njeri akapiga kelele. "Si ndio huo mkono umetusumbua nao mwaka mzima? Kumbe ni kweli!"

Safu zote mbili zikapiga makofi. Na mimi, nitasema nini, nilivimba. Nikageuka kumwonyesha Bi Caridad jinsi darizi ilivyotulia. Yeye alikuwa bado anatazama mlango wa jiko kule kwenye picha, uliokuwa umeshafungwa.

Haukufunguliwa tena. Filamu ikaenda ikaisha, maiti akazikwa na watu wengine. Majina yakaanza kupanda. La kwangu likapita kwenye orodha ya mavazi, Bi Caridad akalisoma kwa sauti. "Wameliandika vizuri, Fundi," akasema. La kwake lilipopita hakulisoma.

Nje, kwenye ukumbi wa kuuzia bisi, kila mtu akawa anaisifia ile mvua. Njeri ndiye aliyeuliza, maana hana breki. "Mama, sasa wewe ulikuwa wapi? Mimi nilibeba tishu."

"Jikoni, binti yangu," Bi Caridad akajibu. "Waliniacha jikoni."

Jumatatu nilimpigia yule Mwongozaji wa filamu simu kwa hasira zangu zote. Kijana wa watu hakukataa. Alieleza kwamba filamu huisha kwenye chumba cha mhariri, anayekata na kuunga vipande, na kwamba walijaribu kila namna. "Akianza kusema, hadithi inasimama," akasema. "Baada yake hakuna anayejali muuaji yuko wapi. Tulimkata kwa sababu alikuwa mzuri mno." Nikauliza mbona hakumwambia. Akasema kwa desturi ya filamu mwigizaji haambiwi, anakwenda kujionea mwenyewe.

Nilimpelekea Bi Caridad maneno hayo nikidhani ni dawa. Akayasikiliza yote. "Nimeshaachwa kwa ubaya, Fundi. Kwa uzuri ni mara ya kwanza. Inauma vilevile."

Mimi nilipanda. Lazima niseme, maana ni kweli: mkono ule wa bluu ulinipa simu. Nikaitwa London, nikaitwa kwenye televisheni, nikawa Mkuu wa Mavazi mwenyewe katika lile jumba nililoingia kwa sketi moja. Nimewaajiri wenye shahada. Nimenunua nyumba. Kila nilipopewa kazi nilitaja jina lake kwa wakubwa, na kila mara waliniuliza kama anaweza kucheza mpishi.

Kisha jumba likaona ni rahisi kukodi nguo kuliko kushona, chumba cha mavazi kikafungwa, na macho yangu nayo yakaanza kuukosa uzi mweusi. Nikastaafu mapema kidogo. Nina duka langu Lozells, jina limeandikwa kubwa. Napunguza suruali, nabadilisha zipu, nashona za harusi. Vijana wakija kujifunza nawaanzishia bandi, wanakimbia. Ni kazi safi, lakini hakuna anayenitazama kwenye kioo akaniambia nambana pumzi.

Mwaka jana akanipigia simu. Mhandisi wake alikuwa ameshakufa. "Fundi, wamenipa bibi mgonjwa, kwenye tamthilia ya televisheni. Amelala kitandani. Hasemi kitu."

"Umekubali, Bi?"

"Nimekubali. Kamera itakuwa usoni."

Walikuwa na gauni lao la kulalia, la dukani. Nikawaambia litabaki kabatini. Nikashona la kwangu, pamba laini, nikalichovya chai, nikadarizi kola, nikadarizi mikono, pindo nikalikunja kwa mkono bila cherehani. Siku ya kupiga picha nesi wa kuigiza akamfunika blanketi mpaka kidevuni.

Tuliitazama nyumbani, mimi na Mwanaidi. Watoto wa yule bibi wanagombana kando ya kitanda, na kamera ikaenda kwa Bi Caridad, ikakaa. Alikuwa hachezi ugonjwa. Alikuwa anawasikiliza, mmoja mmoja, na ulijua yupi anamwamini.

"Mbona hasemi?" Mwanaidi akauliza.

"Hajapewa maneno," nikamjibu.

Tukakaa kimya tukimsikiliza, mpaka wakaonyesha mtu mwingine.