Mgomba Uliozikwa kwa Jina Langu

Sikuombi uniamini kwa sababu nasimulia vizuri. Nakuomba uniamini kwa sababu nilikuwepo. Haya yalinipata mimi mwenyewe hapa kwetu Lurambi, nje kidogo ya mji wa Kakamega, saa ambayo bado kuna mwanga wa kutosha kuchambua mboga. Sikuwa nimelewa, sikuwa na homa, na sijawahi kuwa mtu wa kuona majini nyuma ya kila kichaka. Shahidi wangu ni mama yangu mzazi. Yuko hai, ana akili zake zote, na ukimuuliza atakwambia yale yale, ingawa yeye atamsifu yule mwingine kuliko nitakavyomsifu mimi.

Nilienda Uarabuni nikiwa na miaka ishirini, kufanya kazi za nyumbani kwa watu. Baba alikuwa ameshafariki. Nyuma yangu nilimwacha mama, na mbwa wangu Sajini. Najua mbwa si mtu, usinifundishe. Lakini Sajini nilimwokota akiwa hajafungua macho, ametupwa kwenye mtaro kando ya shamba la miwa, nikamlea kwa maziwa niliyomkamulia mdomoni kwa kitambaa. Akakua akilala miguuni pangu. Nikitaka aje sikuita jina lake. Nilipiga mluzi, mara mbili mfupi na mara moja mrefu, na hata angekuwa upande wa pili wa miwa angekuja mbio masikio yamelala. Mluzi huo ulikuwa wetu sisi wawili tu. Mama hawezi hata kupiga mluzi, hupuliza hewa.

Miaka mitatu ya kwanza nilipiga simu nyumbani. Kisha tajiri wangu akaninyang'anya simu, nikahamishiwa nyumba nyingine, na kijitabu changu cha namba kikapotea. Hiyo ndiyo habari niliyokuwa nimejiandaa kuwapa watu, na mpaka hapo ni ya kweli. Lakini wewe sitakuficha. Mwaka wa tano nilipata simu nyingine. Ningeweza kuitafuta namba ya mama kupitia watu wa kanisani kwake. Sikuitafuta. Niliona aibu kujitokeza mikono mitupu baada ya kimya kile, nikawa najiambia mwezi ujao, mwezi ujao, mpaka ikatimia miaka minane tangu niondoke.

Nilirudi bila kumwarifu mtu. Pikipiki ilinishusha barabarani saa tisa mchana, mvua ikiwa ndiyo imekatika, nikatembea na begi langu hadi langoni kwetu. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua likhubi, yale majani ya kunde. Aliinua kichwa akaniona. Hakupiga kelele, hakusimama. Aliuliza tu, kama mtu anayeongea na wa nyumbani, "Leo mbona umekuja mapema?"

Halafu akaliona begi. Akaona viatu vyangu vina matope. Ndipo mboga zikamwagika zote chini.

Aliniambia nisimame pale pale nisivuke lango, akampigia simu senje. Senje ni dada ya marehemu baba, na kwetu yeye ndiye anayejua mila zote, na asizozijua huzitunga. Alikuja, akasimama mbali, akanihoji kama karani wa vitambulisho. Aliporidhika kwamba ni mimi, akanieleza. Mwanamke mmoja aliyerudi kutoka kule nilikokuwa aliwaambia kwamba msichana wa Kakamega alifariki hospitalini na kuzikwa huko huko. Simu zangu zilikuwa zimekatika, kwa hiyo wakajua ni mimi. Kwetu, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, huzikwa shina la mgomba badala yake, ili roho yake isihangaike. Wakakata shina, wakalivisha sweta langu la shule la buluu, wakalibandika picha yangu ya pasipoti, wakalizika kwa nyimbo na machozi. Hiyo ilikuwa miaka minne iliyopita. Na mtu aliyekwisha kuliliwa hapiti tena lango la kwao mpaka kondoo achinjwe na wazee waseme maneno yao. Wazee wangepatikana Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na mimi ningelala nje ya ua, kwenye jiko letu la zamani.

Kaburi langu nililiona kutoka hapo. Lilikuwa pembeni kabisa, nje ya ua, karibu na migomba ya mpakani, kwa sababu binti asiyeolewa hazikwi mbele ya nyumba. Hebu fikiria, unarudi kwenu unakuta ulishakufa, na hata hapo hukupewa mahali pazuri. Nilikasirika sana. Lakini kilichonimaliza kilikuwa juu ya kaburi. Sajini alikuwa amelala hapo, amezeeka, mdomo umekuwa mweupe. Nikapiga mluzi wetu. Aliinua kichwa, akanitazama, akageuka kutazama migomba, akalala tena. Kwa mama sikuwa nimelia. Hapo nililia.

Mama alinisemesha akiwa upande wake wa ua. "Mwana wanje, mwanangu, usimlaumu," akasema. "Huyu mwenzako anakujanga kila jioni. Naweka chakula, anakaa na mimi, anakaa na mbwa, halafu anaenda. Hajawahi kukosa hata siku moja."

Nilidhani upweke umemharibu akili. Nikajiambia nitampeleka hospitali wiki ijayo. Wewe ungewaza nini kingine?

Saa kumi na mbili na nusu mama alitoka na sahani ya obusuma, yaani ugali, na likhubi, akaiweka kwenye jiwe kando ya kaburi, akaketi. Mimi nilikuwa kwenye mlango wa jiko, hatua kama ishirini hivi. Jua lilikuwa limezama lakini niliweza kuona kila kitu, hata nzi juu ya chakula. Kisha nikasikia mluzi kutoka migombani. Mara mbili mfupi, mara moja mrefu. Kabla haujaisha, Sajini, na uzee wake wote, alikuwa ameshachomoka mbio masikio yamelala.

Akatoka msichana. Mwendo ulikuwa wangu, mguu wa kushoto ukitazama nje kidogo. Alikuwa amevaa lile sweta la buluu. Na uso, naomba unielewe vizuri hapa, haukuwa uso wangu wa ujana. Ulikuwa uso wa ile picha. Nywele zimebanwa nyuma, midomo imefungwa, macho yanatazama mbele jinsi mpiga picha alivyoniamuru siku ile. Aliinama kumpapasa Sajini na uso haukubadilika. Aliketi, haukubadilika. Chakula kilipungua kwenye sahani na mdomo sikuuona ukifunguka hata mara moja. Mama akawa anampa habari za siku, kuku aliyeanza kulalia mayai, miwa ya jirani iliyokatwa, nani alikosa kanisani. Sijui ulitegemea niseme nilisikia nini. Woga ulikuja baadaye. Kwanza nilisikia wivu, wivu wa kweli.

Nikaenda mpaka nikabakisha hatua nne. Nikamuuliza yeye ni nani.

"Mimi ndiye niliyekaa," akasema. Sauti ilikuwa yangu, ila ilitoka mahali pengine, maana midomo haikusogea.

Akasimama, akarudi migombani, Sajini ubavuni mwake. Mbwa alirejea peke yake muda si mrefu, akanipita kama anavyopita nguzo ya ua.

Sikulala, na nilipochoka kuogopa niliamua. Nilikuwa nimevumilia miaka minane ya jikoni kwa watu, nimetukanwa, nimelala kwenye stoo ya viatu, na katika yote hayo nilijiambia nina kwetu. Sasa kwetu kulikuwa na mtu. Nisingengoja Jumamosi.

Asubuhi senje alinionya kwamba hakuna anayejichimbulia kaburi lake mwenyewe. Nikamjibu kwamba simjui mwenye haki zaidi ya kulichimbua. Mama alikuwa ameficha jembe. Nikaenda kuazima kwa jirani, naye akanipa huku ameangalia pembeni. Nikasubiri mvua ya mchana ilainishe udongo, na saa kumi na moja nikaanza. Sajini alikataa kuondoka juu ya kaburi. Alinionyesha meno, mimi niliyemlea kwa kitambaa. Nikachimba kuanzia upande wa miguu, nikimzunguka.

Nilikuwa nimefika magotini mama alipokuja.

"Ukimtoa huyu," akasema, "nani atakujanga jioni?"

"Mimi, mama. Nitakuja mimi."

"Na siku zote hizi ulikuwa wapi?"

Hiyo habari ya kunyang'anywa simu ilikuwa tayari mdomoni. Sikuitoa. Nikamwambia kwamba nilikuwa na simu, ningeweza kumtafuta, na sikumtafuta kwa sababu ya aibu. Nikarudi kuchimba kwa sababu sikuweza kumtazama. Nilipoinua tena macho, mama alikuwa amepiga magoti kwenye matope, amemkumbatia Sajini shingoni kwa mikono miwili, anamvuta kutoka kaburini.

Mluzi ukalia. Sajini akapigana kama mwehu mikononi mwa mama, lakini mama hakumwachilia. Msichana akaja, akaketi juu ya lundo la udongo niliokuwa nimeutoa, karibu nami kiasi kwamba ningeweza kumgusa goti. Alinitazama na uso ule ule wa pasipoti. Mikono yangu iliendelea na kazi. Nikachimba mpaka jembe likagonga kitu laini.

Wewe unajua shina la mgomba lilivyo. Miezi michache ardhini, linaoza lote. Hili lilikuwa na miaka minne na lilikuwa bichi, linatiririka maji kama limekatwa asubuhi ile. Sweta lilikuwa kavu katikati ya udongo ule wote, na lilikuwa na joto, joto la nguo ambayo mtu ameivua sasa hivi. Lilikuwa limejaa manyoya ya mbwa. Nililikumbatia shina nikaliinua mpaka usawa wa ardhi, na nilipotazama juu, pale alipokuwa ameketi palikuwa na udongo tu, umebonyea.

Nililibeba begani mpaka mtoni, peke yangu, bila kupumzika. Sajini alinifuata. Nisijisifu bure, alikuwa akifuata mgomba, hakuwa akinifuata mimi. Nilipoutupa majini na sweta lake, alisimama ukingoni akaubwekea mto mpaka mgomba ulipopotea kwenye kona. Kisha akaanza kulia kwa sauti ya chini ambayo siwezi kukuelezea, nami nikakaa kwenye majani karibu naye, kwa sababu angalau hilo nililiweza.

Jumamosi kondoo alichinjwa, nikapita lango. Senje mpaka leo hanisalimii vizuri.

Sajini ilibidi nimpose upya. Siku tisa hakugusa chakula nilichompa. Nikawa nakiweka na kuondoka. Nikamwogesha dawa ya kupe, akaning'ata kidole, nikamwogesha tena. Nilitembea naye kila asubuhi kando ya miwa, yeye mbele kwa mbali kama hatujuani. Nilimsimulia mambo ya Uarabuni ambayo mama hatayasikia kamwe. Baada ya miezi miwili hivi, siku moja ya mvua ya mawe, alikuja akalala miguuni pangu, na sikusogeza mguu mpaka ukafa ganzi. Sasa yuko nami kila niendako. Mluzi tu ndio siupigi tena. Nikiupiga hutazama migombani.

Na kila jioni saa kumi na mbili na nusu niko nyumbani. Niliitiwa kazi Nairobi, nikakataa. Nilimwahidi mama shimoni, na nimeshikilia. Nimekosa mara moja tu. Nilikuwa mjini, barabara ikafurika, nikafika imeshagonga saa moja na nusu nikiwa nimelowa, nikiomba msamaha tangu langoni. Mama alikuwa ametulia kwenye kigoda chake, Sajini pembeni, na sahani yangu ilikuwa imekwisha kuliwa. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba nisiwe na wasiwasi, hakuwa amengoja peke yake.

Kwa hiyo wewe uliye mbali, unayesoma haya kwenye simu hiyo hiyo, nisikilize. Usingoje upate kitu cha kupeleka. Piga kwenu leo, hata kama huna la kusema, wasikie tu unavyopumua. Ukinyamaza watakulilia, na wakishamaliza kukulilia watamwandalia chakula yeyote atakayekuja na sura yako. Naye hatakosa hata siku moja.