Mama Amehamia Korogwe

Shule niliacha darasa la tatu, na nyumba yangu ya Chanika ina bati na sakafu ya saruji. Nasema mapema ijulikane: kushika tableti sikufundishwa na mtu.

Humo ndani ilikuwamo sauti ya marehemu mama. Nilimrekodi anapukuchua mahindi uani, anasema Kizigua chake, anafukuza kuku, anamsengenya kila mtu. Nyingine sina. Dada yangu mkubwa, aliyeolewa Korogwe, macho yake hayaoni tena. Tableti haina kitufe cha kupapasa, lakini redio yake ndogo ya flashi anaijua kwa vidole. Akaagiza: "Niletee mama nimsikie, kabla masikio nayo hayajafunga."

Kompyuta sina, wala sitaki. Mama wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya simu akanipa flashi na kiwaya kifupi: upande mmoja unaingia kwenye tableti, upande wa pili unameza flashi.

"Nikufanyie, mzee?"

"Mikono ninayo."

Akacheka, akaniachia kaunta.

Nikaikandamiza sauti ya mama kwa kidole, yakatokea maneno mawili: Nakili, Hamisha. Kunakili nakujua. Nilichapwa viboko kwa kunakili hesabu za jirani, na jirani mwenyewe alikuwa amekosa. Mama nisimfanyie mambo ya wizi. Nikabonyeza Hamisha. Mstari ukajaa hadi mwisho, nikachomoa, nikapanda gari.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mama yuko wapi?"

Hata maji sijapewa! Nikafungua tableti nimwonjeshe kwanza. Tupu. Nikatafuta kwenye muziki, kwenye picha. Tupu.

"Mbona kimya?"

"Subiri."

"Umempoteza."

"Dada, nimesema subiri!"

Nikachomeka flashi kwenye redio. Kitaa kikapepesa, kikapepesa. Mara: "Shuu!" Mama huyo, na kuku wake. Dada akavuta mguu pembeni, kuku apite. Mama akaendelea, Kizigua kitupu, kwamba yule mwanawe wa kiume anamaliza mboga kabla ya ugali. Mimi huyo. Dada akacheka mpaka mtandio ukamdondoka, kisha akamjibu kwa lugha hiyohiyo: kweli mama, mpaka leo.

Alipotulia akauliza, "Kwani ulibonyeza nini?"

"Hamisha."

"Basi amehama. Mtu akihama si anabeba na kitanda?"

"Lete flashi, kiwaya ninacho. Nimnakili mara moja nirudi naye."

Akaifunika redio kwa viganja vyote viwili. "Kwako amekaa miaka yote, mdogo wangu. Mwache kwangu."

Mimi si mtu wa kunyamazishwa, ila pale nilikirudisha kiwaya mfukoni.

Zamani Korogwe nilifika Idi kwa Idi. Siku hizi nikimtamani mama napanda gari. Kiwaya huwa kimo mfukoni, na dada anajua. Ananiuliza mlangoni, "Umekuja kwa mama au kwangu?" Namwambia aache maneno, awashe redio.