Kitambaa cha Nsimire

Jicho la kushoto la Nsimire lilivimba kwa mara ya nne mwaka huu, na safari hii asubuhi halikufunguka mpaka alilowanishe. Chokea, kile kijipu cha kope, watu huichekea, lakini kwake ilikuwa imegeuka adui wa kudumu. Wanawake anaotwanga nao mawe ya dhahabu pale mgodini Salamabila walisema lazima alimnyima mjamzito chakula, ndiyo maana jicho linamwadhibu. Upuuzi mtupu, Nsimire hana hata cha kunyima.

Shemeji yake, Consolée, alikwisha kupasha sindano motoni ili aitoboe chokea. Nsimire akamkimbia, na alifanya la maana. Kwenye kituo cha afya muuguzi Véronique alimwambia wazi kwamba akiitoboa au kuiminya, usaha unaweza kusambaa ukamharibia jicho. Akande kwa kitambaa safi na maji ya moto ambayo mkono unavumilia, dakika kumi, mara nne kwa siku. Aoshe kope taratibu, na mikono kabla ya kugusa uso. Uvimbe ukienea shavuni, homa ikipanda au akianza kuona ukungu, arudi mbio. Kisha akamuuliza anafutia uso nini kazini.

Hapo Nsimire akamweleza ukweli. Katika kikosi chao cha kutwanga mawe, wanawake tisa walifutia jasho na vumbi kitambaa kimoja, kilichotundikwa mbele ya wote. Hakuna aliyeruhusiwa kuwa na chake, maana vumbi la dhahabu hunasa kwenye nguo, na mwenye kitambaa chake huhesabiwa mwizi. Wawili walishafukuzwa kwa hilo. Lakini Véronique hakulegeza msimamo: asipoacha kile cha wote, chokea itarudi tu.

Alikanda jicho nyumbani siku tatu, uvimbe ukapasuka wenyewe, ukashuka. Siku ya nne alirudi kazini na kitambaa chake begani. Hakuna aliyemsalimia. Jioni Bulaimu, mkubwa wa kikosi, mtu asiyecheka hata harusini, akanyoosha mkono.

"Leta ile kitambaa."

Nsimire hakumpa. Alichota maji kwenye karai, akakifua mbele ya wote, akalisukuma karai kwa Bulaimu. Bulaimu akachuchumaa, akazungusha maji, akamwaga tope kidogo kidogo. Wanawake wakasogea. Nsimire aliogopa, aliogopa kweli: vumbi la siku nzima, nani angeapa kwamba halina kitu?

Chini ya karai ikang'aa chembe moja, ndogo kuliko kiroboto.

"Hii iko wizi," Bulaimu akasema.

Nsimire akamjibu.

"Mwizi anafichaka, baba. Mimi nimefua mbele yenu. Hiyo zahabu iko ya ekipe, ya sisi wote, mukamate. Kila mangaribi, kazi ikiisha, nitafua hapa hapa, utatazama. Lakini jicho iko yangu. Hiyo sitaiacha hapa."

Bulaimu aliichukua chembe kwa ncha ya kidole, akaitia kwenye kopo la dhahabu la kikosi, akaondoka. Nsimire alikamua kitambaa chake, akakirudisha begani.

Kesho yake wanawake wanne walikuja na vitambaa vyao mabegani. Bulaimu aliwatazama mmoja mmoja, kisha akaenda kuleta karai la pili.